Inshaallah ya Fundi: Kupanga Kazi za Harusi Wakati Hatujui Kesho Ina Nini



Hapa kwetu Unguja kuna mzaha: fundi akikwambia "kesho inshaallah", bora uende kununua nguo dukani. Tunacheka, lakini unatuuma pia, maana mafundi wenyewe ndio sisi. Tuko wanawake wanne katika chumba kimoja chenye cherehani tano, tunashona mavazi ya harusi, sare za ndugu na nguo za Idi. Neno inshaallah tunalitaja kutwa nzima. Ni neno zito. Allah ametufundisha katika Suratul Kahf tusiseme tutafanya jambo kesho bila kulitaja. Lakini halikuwekwa liwe pazia la kumfichia fundi aliyepokea kazi nyingi kuliko mikono yake. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndio ategemee.

Basi leo tunataka kueleza namna tunavyomfunga huyo ngamia wetu. Somo hili ni la kila mwenye biashara ndogo, na la kila bi harusi pia, kwa sababu harusi ni kazi kubwa yenye tarehe moja tu.

Mambo tusiyoyaweza

Tuanze na yale yaliyo nje ya uwezo wetu, tusidanganyane.

Umeme ni la kwanza. Wenye umri wetu wanakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima bila umeme, na kisha Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Waya wa zamani wa chini ya bahari ulikuwa umetumika tangu mwaka 1980. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wenye nguvu zaidi, tunashukuru, lakini kukatika kwa saa mbili tatu hakujaisha.

La pili ni bahari. Kitambaa kizuri, lesi, ushanga na hata zipu za rangi, vingi vinatoka Kariakoo, na huko vimetoka Dubai na China. Upepo ukichafuka, boti zinasimama, na mzigo unalala Dar.

La tatu ni bei. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, bei ya jora aliyotutajia mwenye duka Jumatatu haikuwa ile ile wiki ya pili.

La nne ni mwezi. Harusi zetu nyingi zinakimbilia Shaaban, kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani. Mwaka 2020 Shaaban ilianza mwishoni mwa Machi, masika ikinyesha. Siku hizi imerudi Januari na Februari, kaskazi, jua kali na jasho. Kwa hiyo jina la mwezi ni lile lile, lakini kitambaa kinachofaa si kile kile. Satini iliyopendeza wakati wa mvua, kwenye kaskazi inaonyesha jasho hadi mgongoni. Anayepanga kwa kuiga harusi ya dada yake ya miaka sita nyuma, atashangaa.

Kuhesabu mikono kabla ya kuhesabu pesa

Tunaanza kila msimu kwa daftari na kalamu. Sisi elimu yetu ni ya sekondari, kisha ushoni. Hatutumii programu yoyote ya kompyuta. Hesabu yetu ni hii.

Shaaban ina siku 29 au 30. Ukitoa siku za mapumziko na nusu za Ijumaa, kwetu zinabaki kama 24 za kazi. Wanawake wanne mara siku 24 ni siku 96 za mtu. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokea kazi za siku 96, au 120. Sisi tunatoa sehemu moja kati ya tano, tunaiweka pembeni. Hizo ni siku 19 ambazo hatumuuzii mtu yeyote. Mtoto ataumwa, umeme utakatika, kutatokea msiba. Kitu fulani kitatokea, hatujui kipi tu. Zinabaki siku 77.

Vazi la bi harusi la kutokea, lenye ushanga wa kutia kwa mkono, linatuchukua siku saba za mtu. Sare ya kawaida siku moja. Kwa hiyo mabibi harusi sita ni siku 42, na sare 35 ndizo zinazojaza zilizobaki. Tukifika hapo tunafunga daftari.

Kufunga daftari ndiko kugumu. Shaaban iliyopita alikuja mama mmoja, ni ndugu yetu kwa upande wa baba wa mmoja wetu, na bintiye alikuwa wa saba. Tulimwambia kwa heshima zote: "Shangazi, tukipokea hili, tutakuwa tunachukua siku za mwana wa mwenzio." Alisema kwa wageni tuna nafasi, kwa damu yetu hatuna. Tulimtafutia fundi mwingine mzuri tukamlipia na teksi ya kwenda kupimwa. Harusi ilipita salama, vazi lilikuwa zuri, lakini mpaka leo salamu yake ni ya midomo tu. Hatujui kama itarudi kuwa ile ya zamani. Ndivyo ilivyo, kupanga vizuri kuna gharama yake, na mara nyingi anayedai gharama hiyo ni mtu unayempenda.

Ratiba inaanzia mwisho

Tukishajua siku ya nikahi, tunarudi nyuma. Siku saba kabla, vazi limekamilika na limetundikwa. Siku kumi kabla, bi harusi anajaribishwa kwa mara ya mwisho. Tunapima mara mbili kwa sababu mwali akishawekwa ndani na kusingwa, anakula na kulala, mwili unabadilika. Siku 30 kabla, kila kitu kipo chumbani: kitambaa, bitana, zipu, uzi, ushanga. Hatukati mpaka vyote viwepo. Kitambaa kilichokatwa kikisubiri lesi iliyolala bandarini Dar, hakirudi tena kuwa jora.

Vitu vya kupatikana hapa hapa, Darajani au Mchangani, hatuvihangaikii mapema. Vile vya kuvuka bahari tunaviagiza kwanza, na tunazidisha. Sare ni za watu 20? Tunanunua kitambaa cha watu 23, kwa sababu kuna mama mkubwa wa Pemba atakayepiga simu wiki ya mwisho, na jora la rangi ile ile halitapatikana tena. Uzi wa rangi ngumu tunanunua boksi.

Kwa nguo za Idi, tarehe yetu ya mwisho ni mwezi 27 Ramadhani. Mwezi unaweza kuandama jioni ya 29, na fundi anayetegemea siku ya thelathini anacheza na machozi ya watoto.

Vazi livalike kila hatua

Hili ndilo tunalopenda kulisisitiza zaidi. Tunashona kwa mpangilio ambao, ukisimama popote, vazi linavalika. Kwanza mwili wa gauni wote, bitana, zipu na pindo. Kisha ushanga wa shingo na mikono, maana huko ndiko macho na kamera zinakotua. Kisha kifua. Mkia wa gauni mwisho kabisa.

Msimu uliopita mpangilio huu ulituokoa. Kulikuwa na bwana harusi anayefanya kazi Muscat. Likizo yake ikabadilishwa, na harusi ikasogezwa mbele siku tisa. Mama wa binti alikuja saa mbili asubuhi, hajala, buibui amelivaa kinyume, akasema: "Wanangu, mniambie ukweli, nikatafute gauni la kukodi?" Kukodi si aibu. Lakini yule binti alikuwa yatima wa baba, na kitambaa kile alikinunua kaka yake kwa mishahara ya miezi kadhaa.

Tulifungua daftari mbele yake. Gauni lilikuwa limesimama, shingo imekamilika, mikono bado. Siku za pembeni zilikuwa zimebaki 11. Tukatumia sita. Umeme ulikatika katikati, jioni mbili mfululizo. Tukahamia kwenye cherehani mbili za miguu, ambazo hatuziuzi hata watu wakituambia ni za kizamani, na pasi ya mkaa ikatoka chini ya meza. Ovaloki haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo sehemu ya sketi tulikunja mshono mara mbili kwa ndani, na kwa kweli ulikuwa nadhifu kuliko ovaloki. Mkia wa gauni ulikwenda na ushanga nusu. Bi harusi alitoka, watu wakapiga vigelegele, na hakuna aliyeuliza kuhusu mkia. Mama yake alituletea sahani ya biriani siku ya pili, akakaa mlangoni kimya akilia.

Pesa ya mtu ni amana

Tunachukua arubuni nusu. Lakini arubuni ya bi harusi kwetu ni amana mpaka tukate kitambaa chake. Tunatenga pesa sehemu tatu: ya vitambaa vya wateja, ya mishahara yetu, na ya akiba. Ugonjwa mkubwa wa kazi hii ni kumalizia gauni la Shaaban kwa arubuni ya mtu wa Mfunguo Mosi. Inakwenda, inakwenda, siku moja inakatika.

Machi 2020 ilipokuja korona, skuli zikafungwa, harusi zikaahirishwa au zikabaki nikahi ya watu wachache sebuleni. Ilikuwa Shaaban yenyewe. Familia zilizotaka pesa zao tulizirudishia, kwa sababu zilikuwepo. Waliotaka kusubiri, vitambaa vyao vilikaa kwenye mifuko yenye majina, na tulivishona walipokuwa tayari. Hatukupata faida mwaka ule, lakini hatukudaiwa na mtu.

Bei ya kitambaa na bei ya mshono tunaziandika mbali mbali. Ya mshono haibadiliki tukishakubaliana. Ya kitambaa tunasema wazi: ni ya siku saba. Mteja ananunua sasa au anakubali bei itakayokuja.

Na hatumwachii mteja mmoja ashike pumzi yetu. Hoteli moja ya huko mashamba ilituagiza sare za wafanyakazi, ikalipa nusu, nusu nyingine ikaja baada ya miezi minne. Tuliweza kuvumilia kwa sababu kazi ile haikuzidi robo ya kazi zetu. Ingekuwa ndiyo yote, tungefunga mlango.

Akiba ya miezi ya kimya tumejifunza kwa Nabii Yusuf (a.s.). Katika sura yake, aliyepewa elimu ya kutafsiri ndoto hakuishia kusema kutakuwa na njaa. Alisema nini kifanywe: limeni miaka saba, mlichovuna kiacheni kwenye mashuke yake, kuleni kidogo tu. Mtume wa Allah, na bado akapanga ghala. Nasi Shaaban na Ramadhani ndiyo mavuno yetu. Kutoka humo tunaweka mishahara ya miezi miwili ambayo chumba kitakuwa kimya.

Andikeni, hata kama mnapendana

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Haikuitwa kutoaminiana. Kwa hiyo karatasi yetu ina maneno manne ya "ikiwa": ikiwa siku itasogezwa mbele, vazi litatoka katika hatua iliyofikiwa, ikiwa itaahirishwa, kitambaa kinatunzwa bure miezi sita, ikiwa mzigo utakwama, tutatoa habari siku hiyo hiyo, ikiwa ndoa haitakuwepo, kisichokatwa kinarudishwa. Mama na binti wanasaini, nasi tunasaini.

Na wewe bi harusi, chukua haya uyapeleke kwenye harusi yako yote, si gauni tu. Weka pembeni sehemu moja kati ya tano ya pesa na siku, wala usimwambie mtu ipo. Andika vitu viwili vya kutangulizwa kabla ya vingine vyote: walii na mashahidi wakae mahali pao, mahari yajulikane. Vingine vyote, ukumbi, maua, mpambaji, viwe kama mkia wa gauni letu. Vikipatikana, alhamdulillah. Visipopatikana, bado umeolewa.

Muulize fundi wako siku ya kwanza: umepokea mabibi harusi wangapi mwezi huo, na mko mikono mingapi? Akikujibu kwa hesabu kisha akasema inshaallah, mpe kitambaa chako. Akianza na inshaallah na hesabu hana, mshukuru, uondoke.

Allah azibariki ndoa zenu, atupe riziki za halali, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza ahadi. Amin.