Barua kutoka Caserta

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Caserta, mwendo mfupi wa treni kaskazini ya Napoli. Wageni wengi hushuka hapa kutazama kasri la wafalme. Mimi nimelipita, nikaenda moja kwa moja kwenye makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola. Wewe uliyenifundisha kuhesabu wiketi hutauliza kwa nini: hapa ndipo alipolazwa Hedley Verity, mrushaji wa kriketi wa Yorkshire.

Jiwe lake ni jeupe, sawa na ya jirani zake. Kapteni wa kikosi cha Green Howards, alifariki 31 Julai 1943, umri miaka 38.

Julai 1932, pale Headingley, alichukua wiketi zote 10 za Nottinghamshire kwa mikimbio 10 tu. Katika kriketi ya daraja la kwanza hajatokea wa kumpita mpaka leo. Bradman mwenyewe, yule mpigaji wa Australia ambaye warushaji wengine walimkatia tamaa, Verity alimtoa mara 8 katika mechi za kimataifa. Alikuwa mtu wa kusoma mpigaji kwa subira, kisha mpira unatua palepale alipokusudia.

Na vita navyo alivisoma hivyohivyo. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi. Mwaka 1938, Ulaya ilipoanza kunuka baruti, alimfuata ofisa mmoja wa jeshi kuuliza ajiandae vipi. Akapewa vitabu vya kijeshi, akasafiri navyo hadi Afrika Kusini na timu ya Uingereza. Kule Durban, katika ile mechi ya siku 10 iliyoisha bila mshindi kwa sababu meli ya kuwarudisha ilikuwa inasubiri, alirusha mipira 766. Sijui mwili ule ulikuwa wa namna gani!

Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, Yorkshire walikuwa Hove wakicheza na Sussex. Verity alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 9. Hakuichezea tena kaunti yake katika ligi. Mjomba, mtu hakatizwi akiwa amechoka. Huyu alikatizwa mkono ukiwa moto.

Usiku mmoja wa Julai 1943, katika uwanda wa Catania kule Sicily, aliongoza kampuni yake kupita shamba la nafaka lililokuwa likiungua. Kipande cha kombora kikampata kifuani. Akiwa chini, aliwaamuru vijana wake wasonge mbele. Wajerumani walimteka, wakamvusha hadi bara, na baada ya upasuaji akafariki hapa Caserta. Aliacha mke na wana wawili, Wilfred na Douglas, majina ya wanakriketi Rhodes na Jardine. Len Hutton, mwenzake wa Yorkshire, alikuja baadaye akaweka tai ya klabu kaburini.

Keshokutwa navuka kwenda Sicily. Nataka kuuona uwanda ule kwa macho yangu, nikuandikie ulivyo. Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako