Barua kutoka Malaba: kunde, mafunjo na malori

Wifi yangu Mwanaidi,

Nakuandikia kutoka huku Kenya inakokwisha. Vumbi tu. Yale malori unayoyalaani kila asubuhi pale Changamwe nimeyakuta huku yote, yamepiga foleni kuelekea forodhani, madereva wamejinyoosha kivulini chini ya tela, utingo wanapika chai kando ya magurudumu. Ukisema umetoka Mombasa unapewa kigoda na kuulizwa kama mvua imenyesha. Ng'ambo ya mpaka unauona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake, na kila mgeni anaupiga picha, kisha anarudi kubishana na wabadilisha fedha.

Uliniagiza nikuandikie watu wa huku wanakula nini, maana najua wewe hata ukipelekwa Dubai utauliza kwanza bei ya bamia. Basi sikiliza. Nyuma ya stendi kuna akina mama wanaouza mboga chini, juu ya magunia, na pale nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokaa popote. Kuna mgagani, wenyewe wanauita saga. Kuna managu, ule mnavu wetu. Kuna kunde, mrenda, na majani ya mboga iitwayo mito, ambayo kule kwetu sijapata kuyaona sokoni. Sukuma wiki ipo, lakini imewekwa pembeni kama mtoto wa jirani.

Mama mmoja wa Kiteso alinipa darasa. Kunde mbichi huchemshwa, kisha hutiwa ufuta au karanga zilizosagwa mpaka mchuzi ushike kijiko. Za akiba huanikwa zikakauka, zikafungwa kwenye gunia, zikaliwa kiangazi. Saga hulazwa na maziwa usiku kucha ili uchungu utulie. Mrenda hautaki magadi ya dukani: unachoma maganda ya maharagwe, majivu unayaweka kwenye kopo lililotobolewa chini, unamimina maji juu, yanayodondoka ndiyo unayopikia. Alinionjesha hayo maji kwenye kifuniko, ulimi ulinisimama. Vyote hivyo huliwa na atap, ugali wa wimbi na muhogo, wa rangi ya udongo, mzito, ukiula mchana hutaki kusikia chakula mpaka kesho. Pembeni wazee walikuwa wamezunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Hiyo niliiangalia tu, usiniulize.

Sasa kwa nini nakuchosha na mapishi? Kwa sababu mboga hizi zina kesi yake. Kati ya 2012 na 2019 kulikuwa na mradi wa nchi nne, Brazil, Sri Lanka, Uturuki na Kenya, wa kuingiza bioanuwai kwenye lishe, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Kwa Kenya wakachagua Busia, kaunti hii hii ya Malaba. Wangeweza kuja na mabango ya "tunza mimea ya asili" wakaondoka. Badala yake wakapima virutubisho vya mboga na nafaka za hapa, wakafundisha vikundi vya wakulima kuhesabu gharama na faida, halafu wakaenda kwenye majiko ya shule. Shule ya Upili ya Mundika, karibu na mji wa Busia, ikawa miongoni mwa zilizoanza kununua mboga za asili kutoka kwa vikundi hivyo. Hebu fikiria, wifi: sufuria la shule ya bweni, wavulana mamia, saga badala ya kabichi. Mkulima mwenye mteja wa namna hiyo haachi kupanda, wala hahitaji ofisa wa kumbembeleza. Kaunti nayo ikaandika sera yake ya bioanuwai, jambo ambalo kaunti nyingine zilikuwa hazijalifanya.

Nakumbuka wakati ule dunia ilikuwa inazungumza habari hizo hizo kwa sauti kubwa. Desemba 2016 mawaziri walikutana Cancún, Mexico, wakatoa tamko kwamba bioanuwai iingizwe kwenye kilimo, uvuvi, misitu na utalii, isiachiwe wizara ya mazingira peke yake. Mwaka 2022 huko Montreal wakarudia kwa maneno mapya. Mimi sina ugomvi na matamko. Ila nikiwa nimekaa pale juu ya gunia niliona kwamba hoja yote inaishia kwenye swali la biashara: nani ananunua? Kitu kikiwa na mlaji kinapandwa. Kisipokuwa na mlaji kinasubiri huruma, na huruma ya mkulima mwenye nusu ekari na karo ya watoto wanne ina kikomo.

Yule mama alikuwa pia na mbegu za saga, nyeusi, ndogo kuliko baruti, anazipima kwa kifuniko cha soda na kukufungia kwenye kipande cha gazeti. Unajua mwanamke huyu alikuwa mhalifu? Sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilimtishia kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Yaani miaka ile ile kaunti inamsifu kwa kuhifadhi mboga za asili, kitabu kingine cha serikali hiyo hiyo kinamtafuta. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Nilipomwuliza kama amesikia hukumu, akacheka, akaniambia mbegu hizo alipewa na mama mkwe, na mama mkwe hakuwa na cheti.

Siku ya pili nikachukua boda boda kwenda Kakapel. Ni ndani ndani, Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk, barabara ya murram inayokutikisa mpaka unasahau jina lako. Kuna mwamba mkubwa uliojikunja kama paa la banda, na chini yake michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: maduara, maumbo nisiyoyaelewa, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Ni eneo la kumbukumbu la taifa, liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Watalii huenda kwa ajili ya michoro. Mimi nilikwenda kwa ajili ya udongo wa sakafuni.

Wataalamu wa Makumbusho, akiwemo Dkt. Emmanuel Ndiema, pamoja na wenzao wa Marekani kina Natalie Mueller, walichimba pale, wakachukua udongo wakautia kwenye maji. Udongo unazama, mkaa na mbegu zilizoungua zinaelea, unazichota kwa kitambaa. Walichokipata walikichapisha 2024: punje ya kunde ya miaka 2,300 hivi. Mtama na wimbi wa miaka kama 1,000. Na njegere moja, imeungua lakini umbo lake limebaki zima, ambayo hakuna aliyetarajia kuikuta huku. Watu wamekuwa wakilala chini ya jiwe lile kwa miaka zaidi ya 9,000, wawindaji kwanza, wafugaji baadaye, wakulima kisha, na kila kundi limeacha kitu jikoni.

Nilisimama pale nikafikiri juu ya gunia la yule mama. Kunde zake zina miaka elfu mbili na ushei katika kaunti hii, na hazikuhifadhiwa na mtu yeyote kwa makusudi ya kuhifadhi. Zimepikwa tu. Nilichotamani sana ni kumwona mtu pale nje amebandika sufuria, mgeni akitoka kutazama michoro auziwe sahani ya kunde na atap, aambiwe ndicho chakula kile kile kilichokutwa sakafuni. Ungekuwa karibu ungekwisha fungua kibanda, nakujua.

Misitu nayo ilitajwa Cancún, lakini habari zake hazitachukua karatasi nyingi, kwa kuwa misitu yenyewe ni michache. Unachokiona njiani ni mikaratusi: kwenye mipaka ya mashamba, kando ya vijito, hata kwenye mabonde ambayo yangepaswa kubaki na maji. Mkaratusi hauna lawama, unakua upesi na nguzo zina soko. Mlaji mkubwa wa kuni huku kwa miaka mingi alikuwa tumbaku. Jani lile linakaushwa kwa moto kwenye vibanda vyake, siku baada ya siku, na moto unakula miti. Sasa kuna mpango wa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa FAO na WFP, ulioanzia Migori, wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku wapande maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na mnunuzi akiwa ameandaliwa. Hapo tena ni mnunuzi. Mzee mmoja aliniambia tumbaku ilimsomeshea wanawe lakini ilimmalizia mivule ya babake. Nikamwuliza angerudi nyuma angefanyaje. Akasema angelipanda hiyo hiyo, maana wakati ule nani alikuwa ananunua maharagwe.

Maji sasa. Mto Malaba unateremka kutoka Mlima Elgon, unapita hapa mpakani, kisha unaingia Uganda kuelekea Ziwa Kyoga. Mto Sio, ulio kusini zaidi, unaishia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mwanamke wa Malaba akifua, maji yake yanakwenda Kyoga. Dada yake wa Sio Port yanakwenda Viktoria. Na yote mwishowe ni Mto Nile. Mto ukiwa mpaka kuna vituko. Upande wa Kenya kanuni zinataka uache kati ya mita 6 na 30 za ukingo bila kulima, kwa kadiri ya upana wa mto. Upande wa Uganda wanaanzia mita 30, na mito mikubwa iliyotajwa ni 100. Wakulima wa pande mbili wanaonana kwa macho, wanasalimiana kwa lugha moja, wanaoleana, lakini mmoja mahindi yake ni halali na ya shemeji yake ni haramu. Kwa kweli nilichokiona mimi ni kwamba wote wawili wamelima mpaka majini.

Kwenye bwawa la Sio-Siteko, ambalo nalo limekatwa na mpaka, kuna mafunjo. Usiyadharau. Ndani yake anaishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu anayetembea kwenye matope bila kuzama, na ndege ambao hawawezi kuishi mahali pengine popote. Mmoja nilimsikia kabla ya kumwona: mweusi mgongoni, kifua chekundu kama kanga mpya, utosi wa manjano. Akikosa mafunjo hana pa kwenda. Nilidhani wakataji wa mafunjo ndio adui zake. La. Wanawake wanaokata kwa ajili ya mikeka huacha shina chini, na mafunjo huchipua tena. Adui ni yule anayechimba mfereji maji yatoke ili apande mahindi, au anayetia moto. Mwenye kusuka mkeka ana sababu ya kutaka bwawa libaki bwawa. Ila mkeka wa plastiki kutoka Kampala au Nairobi umekuwa rahisi kuliko wake, na siku atakapoacha kusuka sijui nani atamtetea yule ndege.

Mafunjo yana kazi nyingine ambayo wavuvi wanaijua. Sangara walipotiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960 walichangia kumaliza aina nyingi za samaki wa asili, ngege mmojawapo. Lakini ngege wamebaki Ziwa Kanyaboli, kaunti ya jirani ya Siaya, kwa sababu bwawa la Yala limesimama katikati na mafunjo yake, na sangara hapenyi pale. Kila anayetaka kukausha Yala alime, na wamekuja wengi wenye mitaji mikubwa, anatikisa pia ukuta huo.

Mwenye hali ngumu kuliko wote ni mbayuwayu-buluu. Huyu huzaliana kusini, hata kule nyanda za juu za Tanzania, na msimu wa baridi ya huko huja kukaa kwenye nyasi za Busia, kuanzia Aprili hivi. Haliwi, hasukwi, haanikwi. Nyasi zake zinageuka miwa na mihogo kipande kwa kipande. Wapenzi wa ndege hufika na darubini zao, lakini ni wachache, na hulala Kisumu. Kama bioanuwai ni ya kuingizwa kwenye utalii kama walivyosema Cancún, basi ingekuwa hapa, mwenye nyasi alipwe kitu kwa kutolima. Mimi sijaona mpango unaomfikia, na maneno ya huruma mwenye shamba amekwisha yasikia.

Kesho nakwenda Sio Port. Nataka kuwauliza kina mama wa omena wanaishije Aprili mpaka Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili wazaliane, na kama kamati za ufukweni zinaweza kweli kumzuia mtu mwenye njaa na wavu. Nitakuandikia.

Mbegu za saga nimekununulia vifuniko vitatu. Panda nyuma ya jiko, usizifukie sana, na usizimwagie maji mengi. Ukianza kuuza kwa wateja wako, weka bei ya juu; ukiwauzia rahisi watadhani ni magugu. Kaka yako mwambie simu yangu inashika mtandao wa Uganda kila nikisogea mtoni, asishangae nisipopatikana. Wasalimie watoto na bibi.

Wako wifi,
Zuhura