Mtani Hucheka Ameshika Jembe

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2018 nilikuwa Masasi, nyumbani kwa mama yangu mzazi. Redio ikatangaza kwamba Mzee Amri Athumani, ambaye wengi tulimjua kwa jina la King Majuto, amefariki jana yake, siku ya Nanenane, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akasema, "Kumbe na Majuto naye hufa?" Akacheka, na papo hapo machozi yakamtoka.

Majuto alikuwa Mwislamu wa Tanga, sisi ni Walutheri wa Masasi. Hata hivyo siku ile nyumbani kwetu aliombolezwa kama mjomba.

Nimekuwa nikimfikiria mara nyingi tangu hapo, kwa sababu mimi pia ni mtu wa kuchekesha. Nilianza zamani. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa na redio ya mkulima, na betri zikichoka alizianika juani kwenye bati ili jioni zitusaidie kidogo. Alikuwa mkali. Lakini Pwagu na Pwaguzi wakianza kuongea pale Radio Tanzania Dar es Salaam, baba alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaona kwamba mtu anayemchekesha baba ana uwezo ambao mimi sina, nikautamani.

Nilipomaliza chuo cha theolojia na kuanza kuhubiri, nikauleta uwezo huo madhabahuni. Huku kwetu sisi Walutheri ni wachache. Waanglikana walifika Masasi tangu 1876, Wakatoliki wana Ndanda yao, na mimi nilizoea kuwaambia washarika kwamba sisi tulichelewa basi. Watu walicheka, na waliocheka walirudi Jumapili iliyofuata. Nikaamini hiyo ni karama, na bado naamini. Sara alicheka alipompata mtoto uzeeni, na jina Isaka lenyewe lina kicheko ndani yake. Mungu hachukii kicheko.

Nikahamishiwa Newala. Anayeijua Newala anajua upepo wake, baridi ya mwezi wa sita, na madumu ya maji yanayopandishwa kwa shida kutoka bondeni. Anajua pia kwamba kila kitu huko hungoja korosho: ada, harusi, bati la nyumba, hata sadaka ya mavuno.

Msimu wa 2018 ulikuwa mgumu. Wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulishangilia. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wengine walisubiri miezi. Januari 2019 ikafika, kapu la sadaka likawa jepesi sana.

Jumapili moja, baada ya matangazo, nikasema, "Wapendwa, naona mmepeleka korosho ghalani, na sadaka nayo mkaipeleka hukohuko ikasubiri uhakiki!" Kanisa zima likacheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. Akachukua kofia yake, akatoka taratibu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Nikamfuata nyumbani. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, Mchungaji, karibu kiti." Tukaongea habari za mvua na za mihogo. Hatimaye nikamwuliza kwa nini hatumwoni. Akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba mjukuu wake amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, Januari inaisha, na mtoto yuko pale nyumbani bila sare wala madaftari. Gunia zake ziko ghalani. Alikuwa amekuja kanisani siku ile na shilingi mia tano mfukoni, akiwaza aitoe au anunue chumvi.

Nikasema, "Baba, nilikuwa natania tu."

Akanitazama. "Mchungaji, mimi nimezika watu wengi. Huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao tunajua utani. Mtani wangu anakuja msibani, ananicheka mimi, anamcheka na marehemu, na sikasiriki. Lakini mtani yule ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi. Wewe umenicheka. Jembe lako liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimehubiriwa.

Usiku ule nikamkumbuka Majuto. Alizaliwa mwaka 1948, akaanza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Ni takriban miaka 60 ya kuchekesha watu. Nikajiuliza alimcheka nani muda wote huo, na katika michezo niliyoiona jibu ni moja: alijicheka mwenyewe. Alijifanya mzee mjanja, mbishi, mwenye tamaa, na mwisho ujanja ukamrudia yeye. Aibu aliibeba yeye, sisi tukaondoka na kicheko. Mimi nilifanya kinyume: nilichukua kicheko, nikamwachia mzee wa watu aibu.

Nikakumbuka pia mwisho wake. Aliugua, akapelekwa India kutibiwa. Mwaka huohuo ndipo lilipozungumzwa waziwazi suala la mikataba ya wasanii wetu, hadi Waziri Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia, ya Majuto ikiwemo. Nchi nzima ilikuwa imecheka kwa miaka mingi kabla ya kuuliza kama anayetuchekesha amelipwa stahili yake. Nasi kanisani ni hivyohivyo. Yupo mama mcheshi wa kwaya, yupo mzee wa kanisa mwenye maneno ya kufurahisha. Ni mara ngapi tumewauliza wao wanaendeleaje? Mithali 14:13 inatukumbusha kwamba moyo unaweza kuhuzunika hata mdomo ukicheka.

Kesho yake asubuhi nilibeba jembe nikaenda kwa mzee. Hakuuliza kitu, alinionyesha tuta. Tukapalilia mihogo mpaka jua likawa kali. Akaniangalia ninavyolima, akasema, "Mchungaji, unalima kama unavyobatiza, unanyunyizia tu!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa utani mkali kuliko wangu, lakini haukuniumiza, kwa kuwa tulikuwa tumeshika majembe wote wawili.

Jumapili niliomba radhi mbele ya washarika. Kikundi cha akina mama kikashona sare, madaftari yakapatikana, na mtoto akaanza shule mwezi wa Februari akiwa amechelewa kidogo. Malipo ya korosho yalipotoka, mzee alikuja na sadaka yake, akanikonyeza: "Uhakiki umekamilika."

Bado natania madhabahuni. Ila kabla ya kusema neno la kuchekesha juu ya mtu, najiuliza kama nimewahi kumshikia jembe. Kama sijawahi, najicheka mwenyewe, maana mambo ya kunicheka hayaniishi. Paulo anatuambia katika Wagalatia 6:2 tubebeane mizigo. Wapendwa, tucheke pamoja, ila tuanze kwa kubeba.