Gari Refu la Mazutu

Tangu gari letu liliposhushwa bandarini wiki sita zilizopita, swali mnaloniuliza ni moja tu: linakimbia kiasi gani? Mmeniuliza baada ya mazoezi ya kwaya, mmeniuliza njiani, na mmoja wenu alibandika uso kwenye kioo ili asome namba ya mwisho ya kipima mwendo kabla hata ya kunisalimu. Namba hiyo ni 180. Hilo ndilo jibu la gari. Kalemie ina jibu lake, nalo linahitaji maneno mengi zaidi.

Gari lenyewe ni Toyota Caldina ya mwaka 1999, aina ile ambayo ndugu zetu wa Kigoma huiita stesheni wagoni: paa limenyooka hadi nyuma, mlango wa tano hufunguka kuelekea juu, na viti vya nyuma vikilazwa hupatikana uwanja wa kupakia mzigo. Injini ni ya mazutu, yaani dizeli, ya lita 2.2 yenye turbo. Kwetu ni jipya, ingawa wengi wenu hamkuwa mmezaliwa lilipotoka kiwandani. Toyota ilitengeneza Caldina tangu mwaka 1992 hadi 2007, hasa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe. Ndiyo maana kitabu chake cha maelezo kimeandikwa kwa herufi ambazo sitambui hata moja. Lilipita baharini hadi Dar es Salaam, likaja kwa barabara hadi Kigoma, kisha likavushwa ziwa juu ya meli ya mizigo. Fedha zake ni akiba yangu ya ualimu na faida ya mke wangu katika kukamua mawese, na ni haki niseme kwamba fungu lake lilikuwa kubwa kuliko langu.

Nisiwafiche: gari linanipendeza. Limeinama karibu na ardhi kama paka anayenyemelea, na likikata kona haliyumbi kama malori tuliyozoea kuyapanda. Ukikanyaga mafuta injini ikiwa bado inazunguka polepole, halionyeshi ajabu yoyote. Injini ikishika kasi yake, mluzi mwembamba husikika mbele, na mgongo wako husukumwa kwenye kiti. Mluzi huo ni turbo. Moshi unaotoka injinini huzungusha kijigurudumu chenye mapanga, nacho husukuma hewa zaidi ndani ya mitungi ya injini. Kijigurudumu hicho huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na ndiyo sababu fundi alinionya nisizime gari ghafula baada ya safari ngumu: sharti liachwe lingurume taratibu kwa muda wa dakika moja hivi, mafuta ya kulainisha yaendelee kupita, ndipo ufunguo uzungushwe. Mkiniona nimekaa ndani ya gari lililosimama, natabasamu peke yangu, msidhani nimepatwa na jambo.

Sasa hesabu. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari hupita karibu meta 17 kila sekunde. Dereva mwenye afya, asiye na usingizi wala simu sikioni, huhitaji kama sekunde moja kati ya kuona na kukanyaga freni. Kwa hiyo meta 17 zimekwisha kupita kabla freni hazijaanza kazi. Tena nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 40 kwenda 80, freni hazimezi nishati mara 2 bali mara 4. Katika njia zetu za katikati ya mji, ambapo mama wauza ndagala wameweka mabeseni ukingoni na watoto huvuka wakifuata mpira, meta 17 ni nyingi mno. Na nje ya mji, barabara ya taifa namba 5, ile itokayo Lubumbashi kupitia Pweto hadi kwetu na kuendelea hadi Uvira na Bukavu, sehemu yake kubwa ni udongo. Tumbo la gari langu halijainuka hata shubiri moja kutoka ardhini. Sijavuka 60 hata siku moja. Mshale wa kipima mwendo unaishi katika theluthi ya kwanza ya uwanja wake, na theluthi mbili zilizobaki ni pambo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ya mwendo ni usukani. Japani na Tanzania magari hupita kushoto. Sisi Kongo hupita kulia. Gari lililoundwa kwa ajili ya kushoto lina usukani upande wa kulia, na kule dereva hukaa karibu na mstari wa katikati. Huku kwetu nimekaa upande wa mtaro. Nikiwa nyuma ya lori, siwezi kuona kinachokuja mbele mpaka nusu ya gari iwe imekwisha kutokeza hatarini. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto kwangu, na mara nyingi ni binti yetu wa mwisho. Yeye husema neno moja tu, “subiri” au “wazi”, nami hupita au hubaki kwa neno lake. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuwaambia wengine lipi ni sahihi na lipi si sahihi. Sasa uhai wangu uko katika jicho la msichana wa miaka kumi na saba, naye analijua jambo hilo na hulitumia vizuri anapotaka fedha ya daftari. Nikiwa peke yangu, sipiti lori. Nakula vumbi lake hadi mwisho wa safari.

Niwaeleze pia habari ya mazutu, kwa maana wengi mnadhani tofauti yake na petroli ni bei na harufu tu. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya umeme. Injini ya mazutu haina cheche. Inavuta hewa tupu na kuibana hadi ibaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza, na hewa ikibanwa namna hiyo huwa moto mkali, zaidi ya nyuzi 500. Hapo ndipo mazutu hupulizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Aliyepata kujaza upepo gurudumu la kinga amegusa pampu akaiona ina moto; kanuni ni ile ile. Lakini injini ikiwa baridi, kuta zake hunyonya joto hilo, kwa hiyo kwanza kuna ncha ndogo za chuma zinazopashwa moto kwa umeme. Katika gari langu, ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, taa ndogo ya manjano huwaka, yenye mchoro wa waya uliojisokota. Sharti ungoje izimike, ndipo uwashe. Ni sekunde chache tu. Hata hivyo nimekwisha kuziona sekunde hizo zikiwa ndefu, na nitaeleza usiku gani.

Aliyebuni injini hii, Rudolf Diesel, alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wenye asili ya Ujerumani, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi barabara ilikamilika mjini Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ndiyo, karanga. Na habari hii ina tawi linalofika hadi kwetu: mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Bruxelles, aitwaye Chavanne, alipewa hataza ya Ubelgiji kwa njia yake ya kugeuza mafuta ya mimea yawe ya kuendeshea injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilifanya safari kati ya Bruxelles na Louvain likitumia mawese yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Wabelgiji walikuwa na sababu ya kuyatazama mawese, kwa kuwa koloni lao lilikuwa na michikichi tele. Mke wangu aliposikia habari hiyo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa nini basi yeye anauza mawese ili anunue mazutu yanayoletwa kutoka mbali. Sina jibu la kumtosha. Ila nawasihi msimimine mawese ya sokoni katika tangi la mtu: ni mazito, huganda na kuziba mirija. Chavanne aliyageuza kwanza kwa kuyachanganya na pombe kali ya maabara, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kemia.

Mazutu tunayonunua kwa madumu nayo yana adui wake, yaani maji. Mazutu ni mepesi kuliko maji, hivyo maji hukaa chini. Mimi huacha dumu litulie usiku mzima, kisha humimina polepole na kuacha kiasi cha vikombe viwili vya chini bila kutikisa. Mabaki hayo, yakiisha kutengana na maji, yanafaa kusafishia minyororo ya baiskeli.

Sasa ule usiku. Ilikuwa wiki ya pili, saa nane za usiku, mvua imekatika muda si mrefu. Jirani yetu aligonga. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jioni na mkunga wa mtaa amesema apelekwe hospitali. Tulilaza viti, mke wangu akatandika godoro, mama akalazwa na dada yake akakaa pembeni amemshika kichwa. Nikazungusha ufunguo hatua ya kwanza. Taa ya manjano ikawaka. Hakuna aliyesema neno, ila yule baba alikuwa akiitazama taa ile kama mtu anayetazama mlango. Ilipozimika, nikawasha.

Njiani aliniambia, “Mwalimu, ongeza mwendo.” Aliniambia mara tatu. Sikuongeza. Nilikuwa nimeshika kilometa 20, na kwenye mashimo nilishuka hadi mwendo wa mguu, kwa sababu nyuma yangu kila shimo lilikuwa na sauti. Namba 180 ilikuwa pale mbele yangu, imewashwa taa nzuri ya kijani. Tulifika. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutoka, ni mvulana, na mama yake amekwisha kurudi sokoni.

Tangu siku hiyo habari ilienea kwamba kwa mwalimu kuna gari ambalo mtu anaweza kulala ndani yake. Kwa wiki nne zilizofuata tumepeleka wagonjwa watano, na maiti mmoja, mzee wa mtaa wa pili. Nilipima uwanja wa nyuma nikapata meta 1 na sentimeta 75. Jeneza lilikuwa na meta 2. Tulifunga mlango wa tano kwa kamba, jeneza likatokeza kidogo, na vijana wawili wakatembea nyuma wakilishikilia. Wanandugu wengine walitaka msafara uende mbio huku honi zikilia, kama inavyofanyika mara nyingi siku hizi. Nilikataa. Mazishi yalikwenda kwa mwendo wa hao wawili.

Nyumbani likazuka shauri, na halikuwa dogo. Mke wangu alisema kweli: mazutu hununuliwa, magurudumu huisha, na fedha ya mawese haikukusudiwa kuwa fedha ya gari la wagonjwa la mtaa. Mimi nilisema sitamdai mtu fedha mlangoni saa nane za usiku. Tulikaa nalo siku tatu. Ni yeye aliyepata njia: liwekwe daftari, kila nyumba ya mtaa itakayopenda ichange kiasi kidogo kila mwezi, iwe na mgonjwa au isiwe naye, na asiyeweza asidaiwe. Siku ya safari hakuna malipo. Nyumba kumi na tisa zimejiandika. Sita zimekataa, na mbili kati ya hizo zimesema waziwazi kwamba mwalimu anataka kununuliwa magurudumu na maskini. Neno hilo limenikaa moyoni, na nimeagiza daftari liwe wazi kwa yeyote apendaye kulisoma, hata kwao. Nikaja kugundua kwamba Diesel mwenyewe, mwaka 1903, alichapisha kitabu alichokiita Solidarismus, akiwataka wafanyakazi wachange fedha ndogondogo katika mfuko mmoja ili wamiliki viwanda vyao wenyewe. Miaka kumi baadaye, Septemba 1913, alitoweka usiku kutoka katika meli iliyokuwa ikienda Uingereza. Dunia ikaishika injini, na kitabu kile wachache sana wamekisikia.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu ninyi. Nikiwa na homa usiku, gari hili halina mwingine wa kuliendesha. Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, nyumba zilizomo katika daftari zitakutana uani kwetu kumchagua kijana mmoja, mvulana au msichana, nimfundishe. Wanaotaka wampe binti yangu majina yao kabla ya Ijumaa. Mwezi wa kwanza hatagusa usukani. Atakaa kiti cha kushoto na kusema “subiri” au “wazi”.