Barua kutoka Leipzig: Jumatatu, saa kumi na moja jioni

Shangazi,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama huku Ujerumani watu bado wanasali, maana umesikia makanisa yanafungwa. Nilikujibu haraka haraka kwa kuwa zamu yangu ilikuwa inaanza. Leo nina nafasi.

Ni kweli, upande huu wa mashariki wasio na dini ndio wengi. Jumapili kengele inalia, na ndani unakuta wazee wachache, kila mmoja na benchi lake. Wewe uliyezoea kwaya tatu, na watu wa ibada ya pili wakisubiri uani mpaka wa kwanza watoke, ungeuliza kuna msiba gani. Nyumbani kusali hakukunidai nidhamu kubwa. Jumuiya inakupitia mlangoni, jirani anaanzisha wimbo alfajiri, na ukikosekana kidogo tu mzee wa kanisa anakuja kuuliza kama unaumwa. Huku haulizi mtu. Usiposali, siku inapita, na ya pili inapita, na kazini wanakusifu kama kawaida.

Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za Nikolaikirche, kanisa la Mtakatifu Nikolai, lililo katikati ya mji huu. Tangu mwaka 1982, enzi za serikali ya kikomunisti, watu hukutana pale kila Jumatatu saa kumi na moja jioni kuombea amani. Sifa zote hupewa tarehe 9 Oktoba 1989. Siku hiyo chama tawala kilituma wanachama wake mamia wakawahi viti, wakajikuta wanasikiliza Injili pamoja na waliokuja kusali. Nje walikusanyika watu wapatao 70,000 kuandamana kwa amani, wengi na mishumaa mikononi. Mchungaji Christian Führer, aliyekuwa akiongoza kanisa hilo, alikuwa akieleza kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga na upepo, kwa hiyo mkono wa kurushia jiwe haubaki. Risasi haikulia. Mwezi mmoja kamili baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Wageni wanapiga picha kwa ajili ya usiku ule. Mimi inanivutia zaidi ile miaka ya katikati. Zilikuwapo Jumatatu ambazo waliofika walihesabika kwa vidole, na wangeweza kabisa kusema tuahirishe mpaka watu wapatikane. Hawakuahirisha. Umma ulipotafuta mahali pa kupeleka hofu yake, ulikuta saa inajulikana na mlango uko wazi. Na mpaka leo Jumatatu wanasali.

Sisi Wamoravian tusingepaswa kushangaa. Mji mdogo wa Herrnhut uko katika jimbo hili hili la Saxony, na kwa Wamoravian wa huko ndiko walikotoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Agosti 1727 wakimbizi waliopewa hifadhi pale waligawana saa 24 za siku, ili usiku na mchana asikosekane wa kuomba, na inasimuliwa kwamba zamu hizo ziliendelea miaka mia moja. Wahubiri wetu wanaipenda sana hiyo miaka mia. Wanasahau kutaja kwamba sehemu ya kila mmoja ilikuwa saa moja tu. Usinikemee shangazi, lakini naona tumekuwa hodari wa mkesha wa Ijumaa kuliko wa sala ya Jumanne asubuhi, kabla ya chai, pale ambapo hakuna kipaza sauti.

Herrnhut ndiko pia linakotoka neno la kila siku. Mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kutoka kwenye bakuli, na tangu 1731 kitabu chake kinachapishwa kila mwaka. Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi, bibi mmoja anacho mezani, kidogo, cha rangi ya buluu. Kusoma hawezi tena. Mwanawe akija anamuuliza yeye ni nani. Lakini nikimaliza kumsomea neno la siku na kuanza Baba Yetu kwa Kijerumani changu hiki, anadaka sentensi ya pili na kwenda nayo mpaka mwisho, bila kukosea, mimi nikisita yeye anaendelea. Alifundishwa sala hiyo utotoni, akairudia maisha yake yote, nadhani mara nyingi akili yake ikiwa jikoni.

Nami siku nyingine naomba bila kuhisi chochote. Danieli naye alikuwa ughaibuni, akapiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha likielekea Yerusalemu, na amri ya mfalme ilipotoka alifanya vile vile alivyozoea. Hatuambiwi alikuwa anajisikiaje. Dirisha langu linaelekea kituo cha tramu, linatosha.

Kuhusu sala ya familia ya Jumapili kwa simu: mwishoni mwa Oktoba huku wanarudisha saa nyuma. Saa tatu usiku ya Tukuyu, ambayo sasa huku ni saa mbili, itakuwa saa moja. Huko msibadilishe chochote. Nimeshaomba zamu zangu za Jumapili ziishe mapema. Mwambie tu baba mdogo apunguze utangulizi, maana kila mara bando linamwishia kabla hatujafika kwenye Amina.