Kutambua Kabla ya Kurekebisha: Somo la Kabureta ya Jang'ombe

Miongoni mwa makosa ambayo mwalimu mpya huyafanya kwa nia njema, kubwa ni hili la kukimbilia kurekebisha jambo kabla ya kulitambua. Sisi tunaowafunza walimu hatukusalimika nalo. Aliyetuzindua hakuwa mkaguzi wa skuli wala mkufunzi mwenzetu, bali mzee mmoja fundi wa magari, mwenye gereji yake uchochoroni Jang'ombe, hapa mjini Unguja. Tunakisimulia kisa hicho kwa sababu kinawahusu wanachuo zaidi ya wenye magari.

Marehemu ami yetu alituachia gari aina ya Morris Minor, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,098. Magari hayo, yaliyobuniwa na Alec Issigonis, yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na yakaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabureta yake, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini, ilikuwa imechakaa. Matundu ya mhimili wa kipepeo yalilika, hata hewa ikapenya pasipostahili. Tukanunua nyingine iliyokwisha kutumika. Tulipoziweka mbili hizo juu ya meza tuliziona pacha: zote zilikuwa SU za namna ya HS2. Tarakimu hiyo ya 2 ina maana yake. Ni thumni mbili za inchi zinazoongezwa juu ya inchi moja, yaani koo la kabureta lina upana wa inchi moja na robo.

Tukaifunga, tukashika spana. Jumapili tatu tuliigeuza nati iliyo chini ya jeti. Gari likiwa limesimama, injini ilinguruma vizuri. Likiukabili mpando wa Masingini, likakohoa na kuishiwa nguvu. Tulipoishusha nati ili petroli izidi, mpando ulipandika, lakini gari likisimama likatoa moshi mweusi. Kila tulipoponya huku, tuliumiza kule.

Tulipompelekea mzee yule, hakuigusa nati. Aliuliza, "Mwalimu, hii umeiuliza jina lake?" Tukajibu kwamba ni HS2. Akasema, "Hilo la ukoo, mwalimu. Nauliza lake mwenyewe."

Kibati chenye namba, ambacho hufungwa kwenye mfuniko wa bakuli la petroli, kilikuwa kimepotea. Mzee akafungua kikombe cha juu, akaitoa pistoni pamoja na sindano yake, kisha akatupa miwani yake tusome wenyewe herufi zilizochorwa kwenye shina la sindano. Zilikuwa EB. Hiyo ilikuwa sindano ya Mini yenye injini ndogo. Minor yetu yataka AN. Sindano hizo hupishana kwa unene usiotambulika kwa macho. Pistoni inapopanda, sindano hupanda nayo ndani ya jeti, na unene wake katika kila hatua ndio unaopima petroli. Nati huipandisha na kuishusha jeti tu. Haiwezi kulibadili umbo la sindano. Na sindano ya AN tuliyoihitaji ilikuwa nyumbani kwetu, ndani ya kabureta kuukuu tuliyoitupa uvunguni.

Tulipoileta, mzee aliikagua akaona haikupinda wala haikulika. Akaifunga, bega la sindano likawa sawa na uso wa pistoni. Akaiinua pistoni na kuiachia, ikaanguka kwa mlio mmoja mkavu. Nati akaipandisha mpaka mwisho, kisha akaishusha mizunguko miwili kamili. Injini ilipopata moto wake, alimwita mwanagenzi wake, akamwambia aiinue pistoni kidogo tu, chini ya milimita moja, asikilize. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukianguka au injini ikizimika, petroli imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukarudi, mchanganyiko umekaa sawa. Hapo mzee akaiharibu nati makusudi, kwanza huku, kisha kule, ili kijana azisikie zile kasoro mbili. Halafu akamwachia airudishe mwenyewe, kila mara akigeuza upande mmoja tu wa nati yenye pande sita. Kijana alipokosea, hakuambiwa "umekosa". Aliambiwa, "Inua tena, usikilize."

Usiku ule tulimkumbuka mwanachuo mmoja tuliyemsimamia katika mazoezi ya kufundisha. Darasa likiwa kimya, alifundisha vyema. Watoto wakiuliza maswali, alibabaika. Kila tulipomtembelea tulimwandikia marekebisho kumi: sauti, mwandiko wa ubaoni, namna ya kusimama. Naye akazidi kudhoofu, nasi tukampa alama za chini. Ilikuwa nati ile ile tunaigeuza.

Tulirudi kwake tukamwuliza, safari hii bila ya daftari mkononi. Akakiri kwamba hakupata kuelewa kwa nini tunapogawanya kwa sehemu tunaigeuza ile sehemu na kuzidisha. Aliikariri kanuni tu, na mtoto akiuliza "kwa nini", hakuwa na jibu. Tuliketi naye na mikate mitatu. Tukaikata nusu nusu, akahesabu vipande sita. Tukaikata robo robo, akahesabu kumi na viwili. Akaona mwenyewe kwamba kugawa tatu kwa nusu ni kuuliza tatu ina nusu ngapi. Juma lililofuata aliingia darasani na mikate yake, na maswali ya watoto hayakumtisha tena.

Kutokana na hayo, tunawausia wanachuo mambo manne:

(a) Usimrekebishe mwanafunzi kwa jina la kundi lake. Mtambue yeye mwenyewe.

(b) Mpime palipo na mzigo. Anayeweza kwenye tambarare huenda asiweze mpandoni.

(c) Badili jambo moja kwa wakati mmoja, kisha usikilize. Ukibadili kumi, hutajua lipi lililofaa.

(d) Kabla ya kutafuta dawa mbali, tazama ulichokwisha kukitupa.

Mwanachuo huyo sasa ni mwalimu kamili. Lakini zile alama za muhula wa kwanza zimebaki kama tulivyoziandika, na hatuna njia ya kuzifuta. Ndiyo sababu tumeona ni wajibu wetu kuyaandika haya.