Taa Kubwa Iliyofifia

Mkulima mmoja wa Kinangop alirithi kwa baba yake Land Rover ya mwaka 1964, na kila siku kabla ya mapambazuko huitumia kupeleka maziwa kwenye kituo cha chama cha ushirika. Asubuhi moja ya ukungu, lori lililokuwa likija mbele yake lilikata upande wake, likampita nusura liigonge debe za maziwa. Dereva alisimama mbele kidogo, akarudi kwa miguu huku akitetemeka. "Nisamehe, mzee," alisema, "nilidhani ni pikipiki." Taa ya kulia, iliyo karibu na katikati ya barabara, ilikuwa imefifia kama mshumaa.

Siku iyo hiyo mkulima alinunua balbu mpya. Taa haikubadilika. Akanunua na betri, ambayo kwa bei yake angalipata kuku wengi. Ingawa taa ya kushoto, iliyokuwa iking'aa vema, ilikwisha kumjulisha kwamba betri haina kosa. Hasara hii huwapata wengi, maana ni rahisi kubadili kitu kinachouzwa dukani kuliko kutafuta kisichouzwa.

Umeme sharti uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Katika gari, njia ya kurudi ni bodi na fremu yenyewe, na kila taa huungwa nayo kwa waya mfupi wa ardhi uliokazwa kwa bolti. Hapo ndipo maji na matope hukaa. Tena bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya aloi ya alumini, na bolti zake ni za chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, hulika. Uchafu huo huzuia umeme, na volti zikipungua sehemu moja tu katika kumi, nuru ya balbu hupungua karibu theluthi.

Fundi wa Naivasha aliyeitwa hatimaye hakufungua mkoba wa vipuri. Aliwasha taa, akatwaa waya mrefu, akagusisha ncha moja kwenye kichwa cha betri kilichoungwa na bodi, na nyingine kwenye waya wa ardhi wa taa ile mbovu. Mara taa ikawaka kwa nguvu. Lakini alitazama kwanza ni kichwa kipi. Land Rover za miaka ile ziliungwa bodi kwa upande wa chanya, hata zilipogeuzwa mwaka 1967. Aliyezoea magari ya leo akishika kichwa kisicho chake, waya humwungulia mkononi.

Bolti ilifunguliwa, mahali pake pakasuguliwa kwa msasa mpaka pakang'aa, pakapakwa grisi, ikakazwa tena. Kazi ya nusu saa. Kama taa zote mbili zingalififia pamoja, fundi angalianza kwenye swichi, na ile ya mguu ya kushusha mwanga, kwa kuwa umeme wote wa taa kubwa hupita humo.

Duka lilikataa kurudisha betri. Mpya imebaki garini, na ile ya zamani sasa huwasha taa ya zizi wakati wa kukamua.